Ridhaa Juu ya Boriti: Mwili wa Mwanajimnastiki kama Amana

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyarudia kwa karne nyingi, lipo moja ambalo michezo ya kisasa imelileta upya kwa uzito mkubwa, nalo ni swali la mwili kuwa wa nani. Muumini wa Kiislamu au wa Kikristo hujibu kwamba mwili ni amana, yaani kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze, akitumie kwa haki na siku moja atoe hesabu yake kwa Mwenyewe. Naye mwanafalsafa asiyeegemea dini yoyote hujibu kwamba mwili haumilikiwi kama shamba linavyomilikiwa, kwa kuwa mtu na mwili wake si vitu viwili. Majibu hayo, pamoja na tofauti zake, yanakubaliana kwamba mwili wa mtu hauwezi kugeuzwa kuwa mali ya mwingine, awe mzazi, mwalimu au taifa. Hata hivyo, kila baada ya miaka minne, timu za taifa za jimnastiki zinapojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki, miili ya vijana, wengi wao wasichana waliotoka utotoni juzi tu, hupimwa, hukunjwa, hupangwa na kutumwa uwanjani kwa namna inayoweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba imekwisha kuwa mali ya bendera.

Kiswahili kina neno linalofaa kuwa ufunguo wa mjadala huu. Katika kurasa za michezo za magazeti ya Tanzania, ngumi zisizo za kulipwa huitwa ngumi za ridhaa, na mchezaji asiye na mshahara huitwa mchezaji wa ridhaa, kwa maana kwamba anacheza kwa kupenda kwake mwenyewe. Neno hilohilo ndilo analolitumia kadhi anapotaka kujua kama binti amekubali kuolewa, na ndilo linaloandikwa kwenye fomu ambayo mgonjwa huitia saini kabla ya kupasuliwa. Shina lake la Kiarabu limezaa pia neno radhi, ambalo mtoto huliomba kwa wazazi wake kabla ya safari. Basi ndani ya neno moja zimo maana tatu, yaani kukubali, kuridhika na kubariki, na zote tatu zinahitajika ili mwili wa mtu utumiwe kwa ajili ya wengine bila kudhulumiwa. Dai la insha hii ni kwamba maandalizi ya timu kwa ajili ya mashindano makubwa huwa halali kimaadili pale tu ridhaa ya mwanajimnastiki inapobaki hai, yaani inapoweza kutolewa leo, kuulizwa tena kesho na kuondolewa keshokutwa, hata kama keshokutwa ndiyo siku ya fainali.

Mchezo na madai yake

Jimnastiki ya kisanaa ni mchezo ambao mtu hufanya mfululizo wa miruko, mizunguko na mikao juu ya vifaa maalumu mbele ya majaji. Wanaume hushindana katika vifaa sita, ambavyo ni sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, fito mbili sambamba na chuma cha juu. Wanawake hushindana katika vinne, ambavyo ni meza ya kurukia, fito mbili za vimo tofauti, boriti na sakafu. Kati ya vyote hivyo, boriti ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi kile ambacho mchezo huu unamdai mwanadamu. Urefu wake ni mita 5, iko sentimita 125 kutoka chini, na upana wake ni sentimita 10 tu, kiasi kwamba unyayo ukiwekwa kwa kukingama, kisigino hubaki hewani upande mmoja na vidole upande wa pili. Juu ya ubao huo mwembamba msichana hupewa sekunde 90, na ndani ya muda huo aghalabu hupiga kichwangomba kwa kurudi nyuma bila kugusa kwa mikono, huku macho yake yakiwa hayawezi kuiona boriti mpaka sehemu ya mwisho kabisa ya mzunguko, wakati ambapo miguu imekwisha kuanza kushuka. Kiwiliwili kikiyumba kidogo hukatwa alama 0.1, kikiyumba zaidi hukatwa 0.3 au 0.5, na akianguka hukatwa alama nzima. Aliyeanguka hupewa sekunde 10 za kupanda tena na kuendelea.

Namna ya kutoa alama nayo ina falsafa yake. Kwa miongo mingi kilele kilikuwa alama 10, na tarehe 18 Julai 1976, mjini Montreal, Nadia Comaneci wa Romania, aliyekuwa na umri wa miaka 14, aliifikia kwenye fito, ikawa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki. Ubao wa matokeo, ambao haukutengenezwa kuonyesha tarakimu nne, ukaandika 1.00. Baada ya mabishano juu ya uamuzi katika Michezo ya Athens ya mwaka 2004, kanuni zilibadilishwa, na tangu mwaka 2006 alama imegawanywa sehemu mbili, moja ya utekelezaji, inayoanzia 10 na kupunguzwa kwa kila kosa, na nyingine ya ugumu, ambayo haina kikomo. Mabadiliko hayo yaliongeza haki kwa waliothubutu mambo magumu, lakini pia yaliondoa mpaka ambao zamani ulimwambia mtu kwamba amefika. Mchezo uliokuwa na kilele ukawa ngazi isiyo na kipawa cha mwisho, na maadili yanayouongoza mchezo wa namna hiyo hayana budi kuutafuta mpaka mahali pengine, kwa kuwa kanuni za alama haziutoi.

Juu ya hayo kuna uzito wa timu. Tangu mwaka 2004, katika fainali ya timu ya Olimpiki, kila nchi hupeleka watu watatu kwenye kila kifaa na alama za wote watatu huhesabiwa, bila nafasi ya kuifuta iliyo mbaya. Anayeanguka haangukii nafsi yake tu, bali huwaangukia wenzake ambao wameshiriki naye unga wa magnesia wa kukausha viganja, bendeji za vifundo na alfajiri zisizo na idadi. Kwa hiyo miezi ya maandalizi, ambamo zoezi lilelile hurudiwa mpaka mwili ulifanye bila kuamriwa na akili, ni miezi ya kujenga deni, kwani kila mmoja anazidi kujiona anadaiwa na wenzake, na mtu mwenye deni huona haya kusema hapana.

Samaki mkunje angali mbichi

Wahenga walisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na hakuna mchezo unaoitii methali hiyo kwa utiifu wa neno kwa neno kama jimnastiki. Mara nyingi mtoto huanza akiwa na miaka mitano au sita, na akifika kiwango cha timu ya taifa huweza kufanya mazoezi kwa saa 30 au zaidi kila juma. Wapo wanaoamini kwamba hali hiyo ni ya lazima kwa asili ya mchezo wenyewe, lakini historia haiwaungi mkono. Katika Michezo ya Melbourne ya mwaka 1956, Ágnes Keleti wa Hungaria, mwanamke aliyenusurika mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, alishinda medali nne za dhahabu akiwa na umri wa miaka 35; naye Věra Čáslavská wa Czechoslovakia alikuwa na miaka 26 alipotetea ubingwa wake mjini Mexico mwaka 1968. Ilikuwa ni kuanzia miaka ya 1970 ndipo umbo la mtoto lilipofanywa kuwa umbo la bingwa, na ilichukua muda mrefu mpaka umri wa chini wa kushiriki mashindano makubwa ya wanawake ukapandishwa kufikia miaka 16 mwaka 1997. Kishawishi hakikuisha hapo, kwa maana mwaka 2010 timu ya wanawake ya Uchina ilinyang'anywa medali ya shaba ya Michezo ya Sydney ya mwaka 2000, baada ya kuthibitika kwamba mmoja wao hakuwa ametimiza umri.

Aristotle aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika kitabu cha nane cha Siasa aliilaumu miji iliyowazoesha watoto mazoezi ya wanariadha mpaka ikaharibu maumbo na makuzi yao, na ushahidi alioutoa ulikuwa wa hesabu rahisi: katika orodha za washindi wa Olimpiki, ni wawili au watatu tu walioshinda wakiwa wavulana na kushinda tena wakiwa wanaume. Alikuwa akisema kwamba kile kinachoonekana kuwa mavuno ya mapema ni mbegu iliyoliwa. Aristotle hakuwa adui wa mazoezi. Aliyapa mahali pake katika malezi ya raia, ila alitaka yamsaidie mtoto kuwa mtu mzima kamili.

Hapo ndipo methali ya samaki inapohitaji kufasiriwa upya. Wahenga waliisema kuhusu malezi, na malezi humkunja mtoto kwa manufaa ya mtoto mwenyewe, ili siku moja asimame bila msaada. Mtoto wa miaka sita hana uwezo wa kutoa ridhaa kamili, kwa hiyo mzazi huishika ridhaa hiyo kwa niaba yake, kama walii anavyoshika mali ya yatima. Lakini sheria ya walii inajulikana katika kila jamii ya pwani na bara: anaruhusiwa kuitunza mali hiyo na kuikuza, haruhusiwi kuiuza kwa faida yake, na yatima akibaleghe sharti akabidhiwe. Kocha anayepokea mtoto kutoka kwa mzazi hupokea uwalii huohuo. Swali la maadili kwa kila kambi ya maandalizi ni kama ipo siku ambayo ridhaa hiyo hurudishwa kwa mwenyewe, au kama msichana wa miaka 16 anaingia uwanjani kwa ndiyo iliyosemwa na wengine miaka 10 kabla.

Ushahidi wa mwili

Matukio matatu ya miaka ya nyuma yanaonyesha swali hili lilivyo la kweli. Mwaka 1976, katika mashindano yaleyale ya Montreal, Shun Fujimoto wa Japani alivunjika pia ya goti akiwa kwenye sakafu, akaficha maumivu yake, akapanda farasi wa vishikio na kisha pete, na alipotua kutoka kwenye pete alisimama juu ya mguu uliovunjika akapata alama 9.7, Japani ikashinda dhahabu kwa tofauti ndogo dhidi ya Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1996, mjini Atlanta, Kerri Strug wa Marekani, aliyekuwa na miaka 18, aliumia kifundo cha mguu katika mruko wa kwanza, akakimbia tena kwa mruko wa pili, akatua, akaunyanyua mguu mmoja, akawageukia majaji, kisha akaanguka kwa magoti. Alama yake ilikuwa 9.712, na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba Marekani ingelishinda dhahabu hata bila mruko huo.

Tukio la tatu halina medali. Elena Mukhina wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa dunia wa mwaka 1978, alivunjika mguu mwaka 1979 na kurudishwa mazoezini kabla hajapona vizuri. Alitakiwa kuliongeza katika onyesho lake la sakafu zoezi lililoitwa salto ya Thomas, ambalo lilitokana na wanaume na ambalo humtaka mtu apinduke hewani mara moja na robo tatu huku akijizungusha mara moja na nusu, kisha atue kwa kubiringita, hatua inayoachia kichwa na shingo nafasi finyu mno ya kusalimika pakitokea kosa. Tarehe 3 Julai 1980, mjini Minsk, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache kabla ya Michezo ya Moscow, aliangukia kidevu na uti wa shingo ukavunjika. Alikuwa na umri wa miaka 20, na aliishi akiwa amepooza mpaka alipofariki mwezi Desemba 2006. Timu yake ilishinda dhahabu ya Moscow bila yeye. Mukhina mwenyewe alikuja kusimulia hadharani kwamba alikuwa amewaambia waliomfundisha kuwa zoezi lile lingemvunja shingo, na kwamba wazo lililomjia akiwa amelala sakafuni lilikuwa la nafuu, kwa kuwa sasa hangelazimika kwenda Olimpiki.

Kisa hiki cha mwisho kina fundisho ambalo linapita huruma. Mukhina alijua. Kocha huona umbo la mruko kutoka nje, jaji huona makosa yake, daktari huona picha ya mfupa, lakini anayejua kama mwili una nguvu ya kukamilisha mzunguko ni yule aliye ndani ya mzunguko. Kwa hiyo ridhaa, licha ya kuwa haki ya mwanajimnastiki, ni elimu pia, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo ushahidi wa mwili hufika katika baraza la wanaoamua. Timu inayoinyamazisha sauti hiyo, pamoja na kumdhulumu mmoja wao, hujifunga macho yenyewe katika mchezo ambao kutoona ni kifo.

Ngamia wa haji

Mapokeo ya dini yaliitambua mipaka ya kuutumikisha mwili kwa lugha yake. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Kiajemi kiitwacho Kimiya-yi Sa'adat, aliulinganisha mwili na ngamia wa haji aliye safarini: haji hana budi kumlisha na kumtunza mnyama wake, maana bila yeye hafiki Makka, lakini akishinda mchana kutwa akimpamba na kumhudumia, msafara humwacha jangwani. Mfano huu unawakataza watu wa aina mbili, anayeuabudu mwili na anayeuua. Kabla ya Ghazali, Mtume Muhammad alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusimama katika sala usiku kucha, alimzuia na kumkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichozuiwa hapo hakikuwa uvivu wala anasa. Ilikuwa ibada, tendo lililo bora kuliko mashindano yote. Ikiwa hata ibada haina ruhusa ya kuufuta mwili, medali inaipata wapi?

Kwa upande wa Ukristo, mtume Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa karibu na uwanja wa michezo ya Isthmia, barua ambayo ndani yake mna mawazo mawili yanayoonekana kupingana. Mahali pamoja anafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho, na kwamba mwenye mwili si mali yake mwenyewe. Sura chache mbele anamtaja mwanariadha anayejinyima kila kitu kwa ajili ya taji linalonyauka, na anasema kwamba naye anautesa mwili wake na kuutumikisha. Msomaji akiyaweka mawazo hayo pamoja, huona kwamba Paulo hakuona kosa katika taabu yenyewe, kwani hekalu nalo hujengwa kwa jasho. Kosa ni kulibomoa hekalu ili kuuza mawe yake. Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 bila kutegemea maandiko, alifika karibu na hapo aliposema kwamba utu usitendewe kamwe kama njia tu, bali siku zote uwe pia lengo. Hakukataza watu kutumiana, maana wanatimu hutumiana kila siku, na mmoja hupata dhahabu kwa miguu ya mwenzake. Alichokataza ni kumtumia mtu kwa namna ambayo mtu huyo hawezi kuikubali kwa hiari.

Atakuwepo wa kupinga kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba falsafa hii, ikifuatwa, itaua uzuri wa mchezo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuimiliki boriti bila maumivu, woga na machozi. Pingamizi hilo ni la haki na linastahili jibu. Ni kweli kwamba mwanajimnastiki anayeacha kila mara anapoogopa hatajifunza kitu, na kwamba kocha mwema humsaidia mwanafunzi kuushinda woga ambao mwanafunzi mwenyewe anataka kuushinda. Lakini methali yenyewe inamhusu mtaka, yaani anayekitaka kitu. Haisemi kwamba mtu ashikwe shingo ainamishwe ili mwingine apate cha mvunguni. Taabu inayojenga na dhara inayovunja hufanana kwa nje, na tofauti yake hujulikana na anayeinama. Ndiyo maana ridhaa haiwezi kuwa saini ya siku moja. Aliyekubali taabu mwaka wa kwanza hajakubali dhara ya mwaka wa nne.

Hapana iliyosemwa Tokyo

Tarehe 27 Julai 2021, katika fainali ya timu ya wanawake ya Olimpiki ya Tokyo iliyokuwa imeahirishwa kwa mwaka mmoja, Simone Biles wa Marekani alikimbilia meza ya kurukia akiwa amepanga kujizungusha hewani mara mbili na nusu, akajizungusha mara moja na nusu, akatua kwa shida na kupata alama 13.766. Kilichomtokea kinajulikana vizuri miongoni mwa wanajimnastiki: uhusiano kati ya macho, sikio la ndani na misuli hukatika ghafla, mtu akapotea hewani asijue juu ni wapi na chini ni wapi, na mwili uliofanya mzunguko huo maelfu ya mara ukawa kama haujawahi kuuona. Alizungumza na walezi wake wa timu, akavaa nguo za joto na kujitoa. Wenzake watatu waliziba pengo katika muda wa dakika chache, Jordan Chiles akiingia kwenye fito na boriti, Sunisa Lee akiingia kwenye sakafu, naye Grace McCallum akitimiza sehemu yake, na Marekani ikapata fedha nyuma ya timu ya Urusi.

Wapo waliomwita mwoga na kumkumbusha mfano wa Strug. Lakini kwa kipimo cha Aristotle, ambaye kwake ujasiri ni kati ya woga na upumbavu wa kujitupa, jasiri ni yule anayeogopa kinachostahili kuogopwa, kwa kiasi kinachostahili, na kutenda ipasavyo. Mukhina na Biles walikuwa na elimu ileile juu ya miili yao; kilichotofautiana ni kwamba mmoja hakusikilizwa na mwingine alisikilizwa. Siku chache baadaye, tarehe 3 Agosti, Biles alirudi katika fainali ya boriti akiwa amebadilisha namna ya kushuka, akiondoa mzunguko wa kujisokota na kuweka pindu mbili za mwili uliokunjwa kiunoni, akapata shaba. Ridhaa iliyoondolewa Julai ilitolewa upya Agosti, kwa masharti ambayo mwili uliyaweza. Mwaka 2024, mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 27, alishinda dhahabu ya timu na ya mtu mmojammoja, akiwa bingwa mwenye umri mkubwa zaidi wa taji hilo tangu mwaka 1952. Orodha ambayo Aristotle aliisoma kwa masikitiko, ya walioshinda utotoni na wasirudi tena, imeanza kupata majina ya namna nyingine.

Haiwezekani kuitenga hapana hiyo na jambo zito zaidi lililotangulia. Mwezi Januari 2018, Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani, alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 40 na 175, baada ya zaidi ya wanawake na wasichana 150 kueleza mahakamani, siku baada ya siku, jinsi alivyowadhalilisha kwa kisingizio cha matibabu. Biles naye alitangaza kuwa miongoni mwa waliodhulumiwa. Uovu huo ulikuwa wa mtu mmoja, lakini ulipata maficho katika malezi ya wengi. Msichana aliyefundishwa tangu miaka sita kwamba maumivu yake ni udhaifu, kwamba hofu yake ni utovu wa nidhamu na kwamba mkono wa mkubwa juu ya mwili wake hauulizwi, amenyang'anywa lugha ambayo angeitumia kushtaki. Mahali ambapo ushahidi wa mwili hauaminiwi mazoezini, hautaaminiwa kliniki.

Kwa kuwa mwili ni mmoja, ridhaa inahusu hata namna unavyoonekana. Mwezi Aprili 2021, katika mashindano ya Ulaya mjini Basel, Sarah Voss wa Ujerumani alivaa vazi linalofunika miguu mpaka vifundoni badala ya lile fupi la kawaida, na timu yake ikafanya vivyo hivyo Tokyo. Kanuni ziliruhusu tangu zamani, ila mazoea hayakuruhusu. Wanawake hao hawakudai kila mtu avae kama wao. Walidai kwamba kiasi cha stara ya mwili kiamuliwe na mwenye mwili. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat, ambako stara ni neno la kila siku, ataona kwamba wanawake wa mila tofauti kabisa walifika kwenye jambo analolijua.

Timu iliyo hai

Yaliyosemwa hayaipunguzi timu thamani yake, bali yanaonyesha timu ni kitu gani. Kundi ambalo haliwezi kustahimili hapana ya mmoja wao ni mashine yenye vipuri, na kipuri kikivunjika hutupwa. Timu ya kweli ni ile ambayo mmoja akisema siwezi, mwingine huvua koti akasogea kwenye fito, bila kumdai maelezo. Kwa hiyo maandalizi yanayostahili jina hilo huandaa mambo mawili kwa pamoja: huandaa mwili kuweza, na huandaa kambi nzima kupokea siku ambayo mwili hauwezi. Hilo hudai kocha anayeuliza kila asubuhi na kungoja jibu, daktari asiyemtegemea kocha kwa kazi yake, mzazi anayeruhusiwa kuingia ukumbini, na mbadala aliyefunzwa kwa heshima ileile ya aliyechaguliwa.

Swali hili halitabaki kuwa la Marekani, Urusi na Uchina peke yao. Mjini Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alishinda dhahabu ya fito na kuwa Mwafrika wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika jimnastiki, na vijana wanaopiga sarakasi katika fukwe na viwanja vya Afrika Mashariki wana miili inayoweza kujifunza lolote. Vyama na serikali zitakapowajengea kumbi na kuwawekea boriti, wapewe pia kile ambacho mataifa yaliyotangulia yamekijua kwa gharama ya shingo ya Mukhina na machozi ya mahakamani.

Kanuni za mchezo wenyewe, zilizo kali kwa kila kitu, zimeacha mahali pamoja pa upole. Msichana akianguka kutoka kwenye boriti, saa huhesabu sekunde 10. Ndani ya sekunde hizo muziki haulii, wenzake hawawezi kumpandia, na kocha hana mamlaka ya kumrudisha juu. Anasimama peke yake kando ya ubao wa sentimita 10, anapaka unga viganjani, anausikiliza mwili wake, kisha anaamua. Akipanda, amepanda kwa ridhaa. Maandalizi ya miaka minne yangekuwa ya haki kama kila siku yake ingekuwa na sekunde hizo 10.